Konservatere si lazima awe mtu wa puvwari

Juma iliopita nilialikwa kwenye deba ya wanafunzi hapa Lubumbashi, mada ilikuwa mahari, kama iendelee ama iachwe. Dada moja akasimama akasema yeye anataka mahari ibaki, juu inakutanisha familia mbili kabla watoto hawajazaliwa, ila wazazi waache kuipandisha sawa vile wanauza parseli. Hakumaliza. Kule nyuma wakaanza kupiga makelele: "Konservatere! Ikala chini, weye uko mutu wa puvwari!" Puvwari, yaani serikali. Akaikala. Na ni yeye huyo ambae mbele kidogo alikuwa analaumu serikali, tena kwa sauti, juu ya pesa ya masomo inayopanda kila mwaka.

Nimesikia hili neno likitumiwa vile mara nyingi sana, siwezi tena kunyamaza.

Mhafidhina, ama konservatere kwa Kifaransa chetu cha hapa, ni mtu anaeona kwamba vitu tulivyorithi, ndoa, imani, sheria, desturi, vimebeba akili ya watu wengi waliotutangulia, kwa hiyo anaetaka kuvibadilisha njo anapaswa kueleza kwanza, na abadilishe polepole. Ni hivyo tu. Kupenda serikali hakumo mule ndani.

Sasa neno lenyewe. Shina lake ni la Kiarabu, lile lile la hifadhi, la "Mungu akuhifadhi", na hafidhi anaeshika Kurani nzima kichwani. Ule mkia wa -ina ni wingi wa Kiarabu, sawa na kwenye mujahidina, ni sisi tumeuchukua tukaufanya wa mtu moja. Huko Misri gavana wa jimbo anaitwa muhafidh, maana yake mlinzi. Sisi watu wa Lubumbashi tungesema tu mtu wa kuchunga, sawa unavyomwambia jirani "unichungie mtoto". Mtu anaechunga kitu hajasema kitu kile hakina kasoro, amesema kisipotee hovyo. Kwa Kifaransa pia ni vile, na hapa kwetu tunalijua vizuri kuliko tunavyofikiri: konservatere wa mambo ya udongo njo anaweka sinyatire kwenye sertifika ya parseli yako, na konservatere wa parke anachunga wanyama, Upemba kwa mfano, parke ya tangu 1939. Kwenye siasa neno liliingia Ufaransa mwaka 1818, wakati mwandishi Chateaubriand na wenzake walianzisha gazeti lililoitwa Le Conservateur, na angalia vizuri, gazeti lile lilikuwa linapiga mawaziri wa mfalme! Kwa hiyo tangu mwanzo mtu aliweza kuwa konservatere na kuwa opozisio kwa siku moja.

Na kama Ufaransa ni mbali, tuangalie kwetu. Mobutu chama chake cha 1967 kilijiita cha mapinduzi, neno liko ndani ya jina, Mouvement Populaire de la Révolution. Halafu ikaja otantisite, ile siasa yake ya kurudia mambo ya Kiafrika ya asili, jina la inchi likabadilika 1971, mwaka uliofuata majina ya ubatizo yakakatazwa, wazazi wetu walioitwa Jean na Marie wakaamka na majina mengine kwenye karatasi, kravati ikaonekana makosa. Wengi wanasema ile ilikuwa konservatisme juu ilitaja mababu. Mimi sikubali. Amri kutoka juu inayobadilisha jina la kila mtu kwa muda mufupi, hata ikivaa ngozi ya chui, si kuchunga. Aliepinga mambo yale, Kardinali Malula, askofu mkuu wa Kinshasa, alifukuzwa nyumbani kwake 1972 akaenda kukaa Roma, na ni Malula huyo huyo alitaka misa iimbwe na kuchezwa Kiafrika, ile riti ya Zaire ambayo Roma iliikubali 1988. Niambie sasa, pale nani alikuwa konservatere na nani alikuwa mtu wa puvwari? Ukichanganya maneno haya mawili hauwezi kusoma hata historia ya inchi yako.

Ile "mutu wa puvwari" njo iliniumiza zaidi. Kwenye mji huu si tusi jepesi. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza vyama vingi, wanafunzi wakaanza kusema wazi, na kwenye kampasi ya hapa kukawa siku za kushukiana, waliofikiriwa kuwa wapelelezi wa serikali wakapigwa na wenzao, halafu usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei watu wenye silaha wakaingia mahali wanafunzi walilala, wakaua. Familia zingine mpaka leo wanahesabu wasiorudi. Kwa hiyo kumbandika mtu jina lile mbele ya oditware nzima juu tu anapenda mahari, hapana, wadogo zangu, hapana kabisa.

Najua pia kwamba neno limerudi mdomoni juu ya mambo ya Marekani, tangu Charlie Kirk, mhafidhina mwenye jina kubwa kule, kuuawa kwa risasi tarehe 10 Septemba 2025 akijibu maswali ya wanafunzi kwenye Utah Valley University. Wahafidhina wa kule wanachunga vitu vyao, katiba yao, dini yao, soko, haki ya kubeba bunduki, si mahari ya Katanga, na mtu anaweza kuwa konservatere hapa bila kukubaliana nao hata neno moja. Lakini kitu kimoja cha kule kinatuhusu. Kwenye inivesite ya Berkeley, Kalifornia, mwaka 1964, waliopigania uhuru wa kusema kwenye kampasi walikuwa zaidi wanafunzi wa upande wa kushoto, wale waliotetea haki za weusi, inivesite iliwakataza kuweka meza zao za siasa. Mwaka 2017, kampasi ile ile, waliolia kwamba wanafungwa mdomo walikuwa wahafidhina. Uhuru ni ule ule, watu njo walibadilishana nafasi.

Kwetu uko kwenye katiba ya 2006, artikle ya 23, kila mtu ana haki ya kutoa mawazo yake kwa mdomo, kwa maandishi na kwa picha, akiheshimu sheria, utulivu wa watu na adabu. Haikuandikwa kwamba mawazo yale lazima yawe mapya. Na yule dada hata hakuwa anatetea kitu cha zamani, mahari iko ndani ya Kodi ya familia, yaani kitabu cha sheria za familia, ya 1987, artikle ya 361, hata leo mukwe anaidaiwa kwa sheria.

Donke, wadogo zangu wa kule nyuma, mukimaanisha mtu wa serikali museme mtu wa serikali, na mukuwe na ushahidi. Mukimaanisha anachunga desturi, mumwite konservatere bila makelele, hatakasirika, pengine atakubali. Na kama hamutaki mahari, mulikuwa na dakika tatu zenu kwenye mikro. Yeye alikuwa ametumia moja tu. Deba nyingine ni Ijumaa ijayo, nimeomba apewe zile mbili zilizobaki.