Acheni kuongeza washa kwenye pedali kila goti likiuma

Naandika hii mara moja ili mwingine akinitumia meseji ya "fundi goti linauma, niwekee washa pedali zikae mbali" nimtumie linki tu niendelee na kazi zangu. Washa ni kile kipete cha chuma kinachokaa kati ya kranki, yaani mkono unaobeba pedali, na pedali yenyewe, ili pedali isogee nje. Wiki hii wamekuja tena, na kuna kijana amekuja na viongezeo kabisa, vile vichuma vya mili 20 vinavyokaa kati ya kranki na pedali, kaagiza mtandaoni mwenyewe, anataka nivifunge pande zote mbili kwenye baiskeli ya mashindano. Mdogo wangu, mili 20 kulia na mili 20 kushoto ni mili 40, hayo sio marekebisho, hiyo ni baiskeli nyingine.

Imani yenyewe iko hivi: mwenye nyonga pana anatakiwa pedali zilizoachana, mwembamba anatakiwa zilizobanana, na goti likiuma basi ujue nyonga na pedali hazijalingana. Inaingia akilini haraka kwa sababu ni hesabu ya fundi cherehani, pima kiuno kata kitambaa. Shida ni kwamba mguu hauanzii pale unapofungia mkanda. Mfupa wa paja unaingia kwenye tundu lake ndani huko, kwenye nyonga, halafu unashuka kwa kuinama kuelekea ndani mpaka kwenye goti. Nyama iliyoko nje ya hapo ni ya kwako na Mungu wako, kwenye pedali haina kura. Nimeshahudumia watu wenye umbo kubwa kabisa ambao wanakaa vizuri kwenye pedali za kawaida bila kuguswa chochote, na vijana wembamba kama fito ambao wanataka nafasi.

Ukitaka ushahidi wa bure nenda ufukweni, popote penye mchanga uliolowa, tembea kawaida hatua kadhaa halafu geuka uangalie nyayo zako. Haziko upana wa nyonga. Zinakaribia kabisa kwenye mstari mmoja. Sasa na mimi nisijifanye mjuaji sana hapa, maana ukiwa unatembea nyonga inacheza, na ukiwa kwenye baiskeli umekalia siti, nyonga imetulia, kwa hiyo nyayo za mchangani hazikupi kipimo cha pedali. Zinakuonyesha tu kwamba ile hesabu ya cherehani haina msingi.

Haya, namba, haraka haraka. Kranki za baiskeli za barabarani za siku hizi, ukipima kutoka uso wa nje wa mkono mmoja mpaka uso wa nje wa mwingine pale pedali inapoingia, unapata kama mili 146 mpaka 150. Hicho ndo kipimo cha Q. Za milimani zinaanzia kwenye 165 na kitu kwenda juu, nyingi zinavuka 170. Ila watu wanaishia hapo, na Q peke yake haisemi mguu wako uko wapi, maana pedali nayo ina ekseli yake. Pedali za kampuni ya Shimano za barabarani, kutoka kwenye kranki mpaka katikati ya pedali ni mili 52, Keo za kampuni ya Look ni 53. Kwa hiyo mwenye Q ya 146 na pedali za Shimano, mguu na mguu vimeachana 146 jumlisha 52 jumlisha 52, yaani 250. Washa ya mili moja kila upande inakupeleka 252. Shimano wenyewe wanatengeneza pedali yenye ekseli iliyoongezwa mili 4, yaani kiwanda kizima kilipokaa kufikiria watu wenye shida ya upana wakaona mili 4 kila upande inatosha. Halafu wewe unaniletea 20.

Sasa kitu kinachoniudhi kuliko vyote, tukae hapa kidogo. Kliti, yaani kile kipande kinachofungwa chini ya kiatu kinachonasa kwenye pedali. Watu wenye viatu vya kufunga hawahitaji kununua chochote kwa kuanzia, kliti yenyewe inasogea kushoto na kulia chini ya kiatu, mili kadhaa, bure, kwa spana ya L. Lakini karibu kila anayesogeza mwenyewe anasogeza KINYUME. Anataka mguu ukae nje zaidi, anasogeza kliti kuelekea nje ya kiatu, upande wa kidole kidogo. Anaendesha, goti linazidi, anakuja kwangu anasema "nimeshajaribu upana haikusaidia". Hujajaribu upana kaka, umejaribu wembamba! Fikiria taratibu: pedali haihami, iko pale pale ilipofungwa. Kliti lazima ikae juu ya pedali. Kama kliti umeisogeza upande wa kidole gumba, yaani ndani, basi kiatu chote kilichobaki kinasukumwa nje, mguu umekaa mbali na kranki. Ukiisogeza upande wa kidole kidogo, kiatu kinavutwa ndani, mguu umekaribia kranki. Kliti ndani, mguu nje. Kliti nje, mguu ndani. Nimewachorea watu hii kwa chaki kwenye sakafu ya karakana, nimewawekea kiatu mkononi, wanatikisa kichwa "nimekuelewa fundi", wanaenda nyumbani wanasogeza kinyume. Kama bado hujanielewa vaa kiatu, kaa kwenye kiti, weka kliti juu ya kipande cha mbao ambacho hakisogei, halafu uone.

Na kabla hujasogeza chora mstari wa kalamu kuzunguka kliti ya zamani. Jamani chora, maana ukiipoteza ile sehemu ya mwanzo hata mimi sitakurudisha pale pale.

Jambo lingine linalochanganywa na upana ni uelekeo wa unyayo, yaani kisigino kinaangalia wapi. Kuna watu ukiangalia kranki zao, ule upande unaopitana na kifundo cha mguu, rangi imetoka, chuma kinang'aa kabisa kama kimepigwa msasa, kiatu kimekwangua mpaka kimeacha alama. Mtu anasema pedali zimebana. Inawezekana. Ila angalia alama iko wapi. Kama imekwanguliwa na kisigino tu, huyo vidole vyake vinaangalia nje, ndivyo alivyoumbwa, angalia anavyosimama dukani akisubiri chenji. Ukimnyoosha kwa nguvu vidole viangalie mbele, goti ndo litakalolipa. Huyo anahitaji kliti izungushwe na iwe na mchezo, yaani kisigino kiweze kuyumba kidogo bila kliti kuachia pedali, na pengine mili moja mbili za nafasi ili kisigino kisiguse, basi. Na hapo kwenye mchezo angalieni rangi: kliti nyekundu ya Shimano haina mchezo kabisa, nyuzi sifuri, ya njano ina sita, halafu nyekundu ya Look Keo ndo yenye mchezo mkubwa kuliko zote za Keo, nyuzi tisa. Vijana wananunua nyekundu ya Shimano kwa sababu wameambiwa ndo ya mabingwa, halafu wananiambia washa haijafanya kazi.

Kwa wale wa pedali bapa, ambao hapa Mwanza ndo wengi, na wengi mnaendesha na raba au ndala, nyinyi mna bahati ambayo hamuijui. Mguu wako uko huru, unajipeleka unapotaka. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote fanya hivi: toka mjini na barabara ya Kenyatta, pita Mkuyuni, Butimba, nenda mpaka Nyegezi au Buhongwa, usifikirie miguu kabisa, angalia magari. Ukishachoka kidogo, simama kwa kushika nguzo au bega la mwenzako bila kushusha miguu, halafu inama uangalie. Kama kiatu kimening'inia nje ya pedali, ukingo wa nje hauna kitu chini, mguu wako unaomba nafasi. Kama kimeenda ndani mpaka kinagusa kranki, hauombi nafasi, acha washa. Na angalia kila mguu peke yake! Mara nyingi wa kulia na wa kushoto havifanani, na hakuna sheria inayosema lazima uweke sawa. Mtu anaweza akahitaji mili moja kushoto na kulia asiguswe.

Maumivu yako wapi? Hili ndo la kwanza ninalouliza na ndo linalojibiwa vibaya, "goti lote fundi". Goti lote hakuna. Weka kidole. Ukiweka mbele, kwenye kifuniko cha goti, mi nakuangalia siti kwanza, mara nyingi iko chini au imesogezwa mbele mno, na nakuangalia gia, maana kuna watu wanapanda kilima cha Isamilo na gia kubwa kama wanagombana nayo. Ukiweka nyuma ya goti, siti huenda iko juu. Ukiweka pembeni nje, hapo ndo naanza kufikiria pedali zimebana. Ukiweka pembeni ndani, nafikiria zimeachana mno au vidole vimegeuzwa vibaya, na huyu wa ndani ukimwongezea washa unamzidishia. Yaani kuna watu ambao hiyo dawa yenu ndo ugonjwa wenyewe.

Halafu kuna magoti yanayotanuka nje kama mtu amebeba ndoo katikati ya miguu. Kila mtu akimwona anasema "huyo pedali zimembana". Mara nyingi siti iko chini, au hendeli iko chini na mzee ana kitambi, paja likipanda linakutana na tumbo, linaenda wapi? Linaenda pembeni. Pandisha hendeli kidogo, magoti yanarudi yenyewe. Mzee mmoja nilimwambia hivi akanuna, akaenda kuwekewa washa kwingine. Haya.

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 kesi zimeongezeka, au mimi ndo naona hivyo, maana zamani ukienda upande wa Sengerema kivuko kilikulazimisha ushuke unyooshe miguu, sasa hivi mtu anaunga moja kwa moja. Ukikanyaga mizunguko 80 kwa dakika, saa moja ni mizunguko 4,800 kwa kila mguu. Kosa dogo la mili mbili linarudiwa mara zote hizo. Ndo maana sikatai kwamba upana unahusika, unahusika, ila unahusika kwa mili moja, mbili, tatu.

Sasa ukweli ambao hautauona kwenye vitabu vya kupima baiskeli. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham uliotoka 2014, waliwapima waendeshaji kwenye Q ya mili 90, 120, 150 na 180, wakakuta zile nyembamba zinatumia nguvu vizuri zaidi kidogo. Watu wa mashindano wakachukua hiyo kama amri. Lakini kutumia nguvu vizuri maabara sio sawa na kutoumwa ukiwa Misungwi jua la saa saba, na huku kuna wazee wameendesha Phoenix na magunia ya mkaa miaka nenda rudi, hakuna aliyewahi kuwapimia Q. Na mimi mwenyewe mtu akiniambia "fundi ulivyosogeza mili mbili goti limepona", nafurahi, napokea hela, ila moyoni najiuliza kama kilichomponya ni zile mili mbili au ni kwamba baiskeli ilikaa kwangu wiki nzima nikisubiri kipuri na goti likapumzika. Kweli sijui. Nikiwa na wasiwasi huwa namwambia arudishe alama ya zamani aendeshe aone, na wengi hawataki, wameshapona wanaogopa kugusa. Mi nawaelewa.

Kama umefika hapa na bado unahitaji upana, siti imekaa, kliti imefika mwisho, kidole kimewekwa pembeni nje, sawa, tuongeze. Washa ya mili moja, isizidi mbili. Uzi wa pedali una meno 20 kwa inchi, yaani jino moja ni kama mili 1.27, kila washa ya unene huo unapoteza jino moja la kushikilia, na kwenye kranki ya aluminiamu ukila meno mengi siku moja pedali inatoka na uzi wote, na wewe uko kwenye mteremko. Ile washa nyembamba inayokuja na kranki za kaboni sio ya upana, ni ya kulinda uso wa kranki, msiitoe. Pedali ya kushoto inafungwa kinyume, hilo nadhani mnalijua, ingawa kranki ninazoletewa zinasema vingine.

Kwa baiskeli za mtumba zenye ekseli ya kati ya pembe nne, ile inayounganisha kranki mbili, kuna njia nyingine, kubadilisha ekseli yenyewe, mfano kutoka ya urefu wa mili 113 kwenda ya 118. Unapata mili 2.5 kila upande bila kugusa uzi wa pedali. Ila sproketi ya mbele nayo inatoka mili 2.5, mnyororo unakaa upande, gia za ndani kabisa zinaanza kulia na kibadilisha gia cha mbele pengine hakifiki. Nafanya, ila nakwambia mapema usije ukarudi na malalamiko ya mnyororo.

Washa za mili moja ninazo. Ukija njoo na viatu unavyoendeshea, sio ulivyovaa kanisani, na usiioshe baiskeli kabla ya kuja, nataka kuziona alama kwenye kranki.