Antaktika ni ya nani? Kwa nini Argentina, Chile na Uingereza bado zinabishania barafu

Mwanafunzi wa Buenos Aires akitazama ramani ya nchi yake darasani, anaiona ikishuka hadi Ncha ya Kusini yenyewe. Tangu mwaka 2010, sheria namba 26.651 ya Argentina inazitaka shule zote na ofisi za umma zitumie ramani inayochora kipande cha Antaktika kwa kipimo kilekile cha nchi nzima. Zamani kilibanwa kwenye kisanduku pembeni. Tatizo ni kwamba mwenzake wa Santiago anafundishwa kuwa sehemu kubwa ya kipande hichohicho ni ya Chile, na Uingereza nayo inakidai chote.

Nchi zenye madai ya umiliki Antaktika ni saba: hizo tatu, pamoja na Australia, Ufaransa, New Zealand na Norway. Ni kwenye Rasi ya Antaktika tu, upande unaotazama Amerika ya Kusini, ndipo madai yanapandana. Uingereza ilitangaza dai lake mwaka 1908 kwa hati ya kifalme. Chile ilichora mipaka yake mwaka 1940. Argentina na Chile husema zimerithi eneo hilo kutoka Hispania, na wapo wanaorudi nyuma hadi Mkataba wa Tordesillas wa mwaka 1494, ambao Hispania na Ureno ziligawana ardhi mpya za ng'ambo, zaidi ya miaka 300 kabla ya mtu yeyote kuliona bara lenyewe.

Hoja ya Argentina yenye uzito zaidi ni posta. Mwaka 1904 ilikabidhiwa kituo cha hali ya hewa kilichojengwa na Waskoti katika visiwa vya Orkney ya Kusini, na miongoni mwa waliobaki huko alikuwamo kijana wa miaka 18, Hugo Acuña, aliyepewa muhuri wa posta na kazi ya uwakala wa posta. Barua zilikuwa chache mno, bila shaka. Lakini katika sheria ya kimataifa, anayedai ardhi hutakiwa kuonyesha kwamba anaitawala kweli, na pasipo na raia wa kutawala, muhuri wa posta hufanya kazi ya mkuu wa wilaya. Kituo hicho, Orcadas, kinafanya kazi mpaka leo.

Waingereza waliielewa lugha hiyo. Meli ya Argentina ilipoacha kopo la shaba lenye tamko la umiliki katika kisiwa cha Deception mwaka 1942, Waingereza walilichukua na kulirudisha Buenos Aires. Mwaka 1944 wakafungua kituo Port Lockroy, wakiwa na stempu zao. Mwaka 1952, katika ghuba ya Hope, Waargentina walifyatua bunduki ya rashasha juu ya vichwa vya Waingereza waliokuwa wakishuka pwani. Hakuna aliyeumia.

Mkataba wa Antaktika, uliotiwa saini Washington tarehe 1 Desemba 1959 na nchi 12, ndio uliotuliza mambo. Ibara yake ya 4 haikubali dai lolote wala hailikatai. Inasema tu kwamba, maadamu mkataba unatumika, tendo lolote litakalofanyika huko halitaongeza wala kupunguza haki ya mtu. Ndiyo maana Afrika Kusini, nchi pekee ya Afrika kati ya hizo 12, ina kituo cha utafiti ndani ya eneo linalodaiwa na Norway na hakuna anayegombana.

Sasa tazama kilichofuata. Mwishoni mwa mwaka 1977, utawala wa kijeshi wa Argentina ulimpeleka kwa ndege mama mjamzito wa miezi saba katika kituo cha Esperanza. Tarehe 7 Januari 1978 akazaliwa Emilio Palma, mtu wa kwanza kuzaliwa katika bara hilo. Chile ikajibu kwa kujenga kijiji cha familia, Villa Las Estrellas, kilichozinduliwa mwaka 1984, na mwaka huohuo mtoto akazaliwa huko. Kisheria, watoto hao hawakuongeza hata inchi moja ya ardhi, na wanasheria wa serikali zote mbili walilijua hilo. Kwa maoni yangu, waliolengwa walikuwa raia wa nyumbani: mwaka huo wa 1978 Argentina na Chile zilikaribia kupigana kwa sababu ya visiwa vya mlango wa Beagle, na serikali za kijeshi zilihitaji alama za uzalendo. Uingereza nayo haiko mbali na mchezo huo. Mwaka 2012 iliipa sehemu ya eneo lake jina la Queen Elizabeth Land, na Argentina ikapeleka malalamiko rasmi.

Hapa kuna uvumi mmoja wa kusahihisha. Husemwa kwamba mkataba unakwisha mwaka 2048 na ugomvi utaanza upya. Mkataba hauna tarehe ya kwisha. Mwaka 2048 unahusu Itifaki ya Madrid ya 1991, inayopiga marufuku uchimbaji wa madini: kuanzia hapo nchi yenye kura inaweza kuomba mkutano wa kuipitia upya, na hata hivyo marufuku hiyo haiondolewi mpaka kwanza uwepo utaratibu wa kisheria wa kusimamia uchimbaji.