Mizani imegoma: maswali ya waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito

Watu ninaowahudumia hapa Nairobi huniita daktari ingawa mimi ni mtaalamu wa lishe, na nimechoka kuwasahihisha. Wengi wamefanyiwa slivu, ule upasuaji unaotoa karibu asilimia 80 ya tumbo la chakula, likabaki jembamba kama ndizi. Wengine wamefanyiwa baipasi: kijifuko kidogo huachwa juu, kinachobeba kama vijiko viwili vikubwa, kisha huunganishwa na utumbo mdogo kwa njia ya mkato. Wakija kwangu baada ya wiki au miezi kadhaa, kinachowasumbua ni kimoja. Kilo hazishuki walivyotarajia. Haya ndiyo maswali yao, na majibu yangu.

Nilifanyiwa slivu wiki nne zilizopita. Wiki mbili za kwanza nilipoteza kilo saba, kisha mizani ikasimama. Siku kumi sasa, hata gramu. Upasuaji umefeli?

Haujafeli. Mwili huweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikilia takriban gramu 3 za maji. Ukianza ghafla kula kidogo, akiba huliwa kwanza, maji yake yakatoka kwa mkojo, na mizani ikashuka mbio. Kwa hiyo zile kilo saba hazikuwa mafuta matupu. Baadaye mwili hurudisha sehemu ya maji huku mafuta yakiendelea kuyeyuka polepole, na hesabu mbili hizo zinafutana. Wengi hukwama hivi kati ya wiki ya pili na ya tano, na kwa kawaida hali hupita yenyewe.

Unachoweza kubadilisha ni namna ya kujipima. Chagua siku moja kwa wiki, asubuhi, baada ya kwenda msalani na kabla ya chai, kwenye mizani ile ile. Wapo wanaojipima kwa wale vijana wenye mizani kando ya barabara mjini, jioni wakitoka kazini, viatu miguuni na simu mfukoni. Ukimaliza chupa ya maji ya nusu lita ukapanda mizani, umeongeza nusu kilo, na mafuta hayahusiki.

Tafuta pia uzi. Uzungushe kiunoni usawa wa kitovu, funga fundo, uuweke kabatini. Mama mmoja aliniletea wake ukiwa na mafundo manne. Mizani yake ilikuwa imesimama wiki tatu, lakini kati ya fundo la tatu na la nne vidole vyangu viwili viliingia.

Rafiki yangu tulifanyiwa mwezi mmoja. Yeye ameshapunguza kilo 40, mimi 26. Nimekosea wapi?

Nilipomuuliza huyu dada walianzia wapi, jibu likajitokeza. Rafiki alianza na kilo 170, yeye 110. Piga hesabu: 40 kwa 170 ni karibu asilimia 24, na 26 kwa 110 pia ni karibu asilimia 24. Wako sawa kabisa.

Kwa jumla, slivu huondoa takriban robo ya uzito wote wa mwanzo, na baipasi huzidi kidogo, takriban asilimia 30. Wengi hufikia hapo kati ya mwezi wa 12 na wa 18. Aliyeanza na kilo 130 akafanyiwa slivu atarajie kuishia karibu na 97, akipanda au kushuka kidogo. Miezi sita ya mwanzo ndiyo ya kasi, baada ya hapo mwendo hupungua kwa sababu mwili mdogo hutumia nguvu kidogo. Wanaume mara nyingi hutangulia kwa kuwa wana misuli mingi, na wenye kisukari huwa nyuma kidogo. Hilo la kisukari watu hawaambiwi vya kutosha, wakabaki kujilaumu bure.

Ni mwezi wa nane. Naapa nakula kidogo kuliko mtoto wa miaka mitatu, na bado sipungui.

Nakuamini kuhusu sahani. Ninachotaka kujua ni kikombe, na kile kinachopita bila kuhesabiwa.

Tumbo dogo huzuia chakula kigumu. Kipande cha kuku au ndengu zilizokauka kidogo hukaa na kukushibisha. Lakini mandazi iliyochovywa kwenye chai huteremka kama uji, na baada ya dakika ishirini kuna nafasi ya nyingine. Biskuti, krispi, keki na aiskrimu hupita hivyo hivyo. Mtu anaweza kula kidogo-kidogo kutwa nzima, asishibe hata mara moja, na akasema kweli kwamba hajawahi kumaliza sahani.

Tuchukue chai yenyewe. Kijiko cha chai cha sukari kina takriban gramu 4, yaani kilokalori 16. Vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja, ni gramu 48 na kilokalori 190 hivi, kabla hatujagusa maziwa. Soda ya nusu lita ina sukari ya kukaribiana na hiyo peke yake. Sisemi uache chai. Mkenya ukimnyima chai utakuwa umeanzisha vita usivyoweza kushinda. Shusha sukari kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea.

Kwa siku tatu, andika kila kinachoingia kinywani, hata ile smokie ya kusimama stage na makombo ya sahani ya watoto. Usijihukumu, andika tu. Jibu la mwezi wa nane mara nyingi limo mle.

Ukikaa mezani, anza na protini. Lengo la kawaida ni gramu 60 hadi 80 kwa siku. Yai moja lina gramu 6, kikombe cha maziwa 8, kikombe cha ndengu zilizoiva karibu 14. Omena ni nzuri mno, na kwa kuwa unaitafuna na mifupa yake unapata kalsiamu. Sukuma wiki ifuate, ugali uwe wa mwisho, saizi ya nusu ngumi. Maji usinywe pamoja na chakula. Subiri nusu saa, kisha nywa kidogo kidogo hadi ufikishe lita moja na nusu kwa siku.

Labda tumbo limetanuka?

Kidogo, ndiyo, kwa kila mtu. Ni mara chache hilo ndilo tatizo.

Nikiruka chakula cha jioni na kwenda gym kila siku, nitaharakisha?

Ukila kidogo mno bila protini, mwili hula misuli, na misuli ndiyo injini inayochoma mafuta. Utapoteza kilo leo na kuzililia mwakani. Nywele pia zitaongeza kuanguka. Nyingi huanguka kati ya mwezi wa tatu na wa sita hata kwa anayekula vizuri, kisha huota tena.

Kutembea kunatosha kuanzia: dakika 150 kwa wiki, ukiongeza taratibu. Shuka stage moja kabla ya yako. Ukiwa na magoti mazima, Valley Road kutoka chini hadi juu itakufundisha unyenyekevu. Kisha mara mbili au tatu kwa wiki fanyia misuli kazi. Simama na kuketi kwenye kiti mara kumi bila kushika kitu, nyanyua mtungi wa lita tano uliojaa maji, ambao ni kama kilo tano.

Kuna dawa zinazozuia kilo kushuka?

Zipo. Insulini, baadhi ya vidonge vya kisukari, steroidi, baadhi ya dawa za msongo wa mawazo, na sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi. Usiache yoyote peke yako. Beba zote kwenye mfuko, umwagie daktari mezani, aamue. Apime pia tezi ya shingo, maana ikilegea uzito hukwama. Na usimeze ibuprofen au diclofenac kwa maumivu ya mgongo bila kumuuliza, hasa kama ulifanyiwa baipasi. Huleta vidonda vya tumbo.

Chama kinaniua. Wengine wanasema nimekonda nina ugonjwa, wengine wanauliza mbona bado mnene na nilikatwa tumbo.

Pole. Nairobi mtu akikonda anaulizwa ana nini, asipokonda anaulizwa pesa zilienda wapi. Hulazimiki kuwaonyesha hesabu. Jibu moja fupi linatosha: "Naendelea vizuri, daktari wangu ameridhika," kisha uliza mchango ni wa nani mwezi huu. Lakini kama unalia usiku au unakula ukiwa umejifungia bafuni, hilo ni la mshauri nasaha.

Nirudi hospitali lini?

Kwa kilo peke yake, rudi kama miezi mitatu ya mwaka wa kwanza imepita bila mabadiliko ya mizani wala ya uzi, au baadaye kilo zikianza kurudi mfululizo. Kilo chache kurudi baada ya mwaka wa pili ni kawaida. Siku hizi daktari anaweza kuongeza dawa kama semaglutide, sindano ya kupunguza hamu ya kula, kwa baadhi ya wagonjwa. Usinunue sindano kwa mtu wa mtandaoni.

Usisubiri miadi ukiwa na homa, maumivu makali ya tumbo, moyo unaokwenda mbio, kinyesi cheusi kama lami, au ukishindwa hata kuweka maji tumboni. Wapo wanaofurahia kutapika kwa kuwa mizani inashuka. Kutapika kwa siku kadhaa humaliza vitamini B1 mwilini. Ukianza kuona vitu viwili-viwili, kuyumba ukitembea au kuchanganyikiwa, nenda usiku huo huo, na anayekupeleka awaambie waliokupokea kwamba ulifanyiwa upasuaji wa tumbo, ili wakupe B1 kabla ya dripu ya sukari.