Chuma kinachobaki baada ya kuongezewa damu: dhana potofu na ukweli kwa wazazi wa watoto wenye saratani ya damu

Mtoto anayetibiwa saratani ya damu huongezewa damu mara nyingi. Kwanza uloto wake, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, umejaa chembe za saratani, halafu kemo, dawa za kuua saratani, nayo inauangusha. Anayepandikizwa uloto huongezewa zaidi. Kila chupa inaingia na madini ya chuma, na kuhusu chuma hicho yanasemwa mengi wodini na nyumbani. Baadhi yake yana nusu ya ukweli, na mengine yanamdhuru mtoto.

"Damu imeshuka, apewe ya kuongeza damu"

Himoglobini ikisoma 6, nyumba nzima inahangaika: maini, matembele, juisi ya rosela, sirapu ya duka la dawa, vidonge vya FEFO vilivyobaki tangu mama alipokuwa mjamzito. Kwa mtoto mwenye upungufu wa damu wa kawaida, baadhi ya hivyo vingesaidia. Kwa huyu, chuma kipo tele. Anayekosekana ni wa kukitumia. Uloto ukizibwa na saratani au ukilazwa na kemo hautengenezi chembe nyekundu hata ukimwagiwa chuma cha dunia nzima. Sirapu ile haipandishi himoglobini hata nukta moja, inaongeza mzigo tu.

Soma lebo ya multivitamini nayo. Ukiona "Fe" au neno linaloanza na "ferr", usimpe kabla hujamwonyesha daktari. Angalia pia vitamini C ya vidonge vya miligramu 500: huongeza chuma kinachofyonzwa tumboni, na kwa mtoto ambaye chuma chake kimeshazidi, dozi kubwa inaweza kukitoa kwenye ghala kwa kasi na kuusumbua moyo. Chungwa la kula halina neno.

"Basi tumwachishe nyama na mchicha"

Hapa hesabu ndiyo inayoamua. Mililita moja ya chembe nyekundu zilizokolezwa ina takriban miligramu 0.8 hadi 1 ya chuma. Mtoto wa kilo 20 akiongezewa mililita 15 kwa kila kilo, anapata mililita 300, yaani miligramu 240 hadi 300 za chuma kwa saa tatu nne. Chakula cha siku nzima kinampa karibu miligramu 1 inayoingia mwilini kweli. Kwa hiyo chupa ya mchana mmoja ni sawa na chakula cha miezi minane au zaidi. Akiongezewa hivyo mara kumi, ameingiza gramu mbili na nusu hadi tatu, wakati mwili wa umri wake kwa kawaida hauna hata gramu moja.

Kumnyima nyama mtoto aliyekondeshwa na kemo ni kumkosesha protini anayoihitaji ili apone. Ale.

Kinachofaa ni daftari. Andika tarehe, uzito wa siku hiyo, na mililita zilizoingia, usiandike "chupa moja" tu, maana mtoto mdogo mara nyingi hutumia nusu ya mfuko na nusu ikatupwa. Andika pia aina: damu nzima ina karibu nusu ya chuma cha chembe zilizokolezwa kwa kila mililita, na chembe za kugandisha damu au plazima zina kidogo mno kisichofaa kuhesabiwa. Mtu anaweza kusema mwanawe "kaongezewa mara arobaini", kumbe thelathini kati ya hizo ni chembe za kugandisha.

"Afadhali tukatae damu"

Hapana. Himoglobini ya 4 inaua wiki hii. Chuma kinadhuru kwa miaka, na kinatibika. Daktari akisema aongezewe, aongezewe.

"Feritini ni 3,000, chuma kimezidi mno"

Huenda ndiyo, huenda siyo. Feritini ni protini inayohifadhi chuma, lakini hupanda pia mtoto akiwa na homa, maambukizi, ini lililovimba, au saratani yenyewe ikiwa hai. Wapo wanaofika hospitali na feritini iliyopita 1,000 kabla ya kuguswa na chupa hata moja. Ndiyo maana kipimo cha katikati ya kemo, mtoto akiwa na homa na chembe nyeupe zimeshuka, kinatisha zaidi kuliko kinavyoeleza. Kipimwe wiki kadhaa baada ya homa kuisha, pamoja na CRP (kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe au maambukizi mwilini) na vipimo vya ini, na kirudiwe. Feritini inayokaa juu ya 1,000 mtoto akiwa mzima, na daftari likionyesha damu nyingi, hiyo ichukuliwe kwa uzito. Asilimia ya transferini, protini inayobeba chuma kwenye damu, iliyojaa chuma nayo inasaidia.

Jibu la uhakika zaidi linatoka kwenye MRI, picha ya mashine ya sumaku, ya ini na moyo. Haihitaji sindano ya rangi, ila mashine iwe na programu ya kupima chuma na pawe na mtu anayejua kuisoma. Tatizo kubwa ni kutulia: mtoto mdogo huenda akahitaji dawa ya usingizi. Ini la kawaida lina chini ya miligramu 1.8 kwa gramu ya ini kavu. Kuanzia 3 hadi 7 ni ziada ndogo, juu ya 7 panahitaji mpango, na juu ya 15 hatari ya moyo inakuwa kubwa. Kwa moyo kipimo kinaitwa T2*, nacho husomwa kinyume: chini ya milisekunde 20 maana yake chuma kimeingia moyoni, na chini ya 10 moyo unaweza kushindwa kazi.

"Anacheza, anakula, hana kitu"

Ini lenye chuma haliumi. Moyo huvumilia kimyakimya, na mtoto aliyepewa daunorubisini au doksorubisini, ile dripu nyekundu, tayari moyo wake umeguswa na dawa. Chuma kinaongeza juu yake. Tezi ndizo hujitokeza baadaye: urefu unakwama, balehe inachelewa, sukari inapanda. Urefu upimwe na kuchorwa kwenye chati kila kliniki.

"Kitatoka kwa mkojo, anywe maji"

Mwili hauna njia ya kutoa chuma kilichozidi. Kinachopotea ni kama miligramu moja kwa siku, kupitia chembe zinazopukutika kwenye ngozi na utumbo. Dawa za mitishamba za "kusafisha ini" hazibadilishi hesabu hiyo, na baadhi zinaliumiza ini lilelile.

Lipo hata hivyo jambo la kutia moyo. Mtoto anakua, damu yake inaongezeka, na uloto uliopona unachota chuma kutoka ghalani. Kwa hiyo watoto wengi waliomaliza kemo ya kawaida bila saratani kurudi hushuka taratibu kwa miaka, bila dawa. Kuwapima na kusubiri ni uamuzi halali, si uzembe. Waliopandikizwa, au saratani ikawarudia, ndio wafuatiliwe kwa karibu zaidi.

"Uloto mpya umeota, chuma nacho kimekwisha"

Uloto mpya hauji na ini jipya. Hili linawahusu pia watoto wa selimundu, ambao Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza mwaka 2023, kwani baadhi yao huwa wameongezewa damu kwa miaka. Hata kabla ya kupandikizwa chuma kinaleta balaa: kemo kali ya maandalizi inasimamisha kazi ya uloto, chuma kinakosa mtumiaji, na kile kisichoshikwa na transferini kinazunguka huru. Fangasi na bakteria hukipenda, na ini lenye chuma huathirika kwa urahisi zaidi.

"Dawa ya kuondoa chuma ni ileile, tuazime kwa jirani"

Hapa watu huumia, kwani dawa hizi ni tofauti. Deferiproni inaweza kuangusha chembe nyeupe, jambo baya kuliko yote kwa mtoto aliyetoka kwenye kemo. Deferoksamini hupitishwa chini ya ngozi kwa pampu saa 8 hadi 12 usiku. Mkojo ukiwa mwekundu si damu, lakini mtoto akipata homa pampu isimame hadi aonwe, kwa kuwa baadhi ya vijidudu huitumia dawa hiyo kujipatia chuma. Deferasiroksi hunywewa mara moja kwa siku, na figo hupimwa kabla na wakati wote, hasa kama mtoto bado anatumia siklosporini, dawa ya kutuliza kinga baada ya kupandikizwa, inayoelemea figo hizohizo. Akitapika, akiharisha au asipokunywa maji, mpigie daktari siku hiyohiyo kuhusu kuisimamisha.

Deferasiroksi ina vidonge vya aina mbili. Vya kuyeyusha kwenye maji au juisi, dozi ya miligramu 20 kwa kilo ni sawa na miligramu 14 kwa kilo ya vile vya kumeza. Ukitolewa kwenye vya kuyeyusha ukapewa vya kumeza bila kubadilishiwa hesabu, mtoto anazidishiwa kwa zaidi ya theluthi moja.

"Hijama itatoa damu chafu"

Kutoa damu ni tiba kweli baada ya kupandikizwa, lakini ya hospitali. Himoglobini ikishasimama vizuri, hutolewa takriban mililita 6 kwa kila kilo kila siku 14. Mtoto wa kilo 30 anatoa mililita 180, zenye chuma miligramu 65 hadi 80, na uloto unachota ghalani kufidia. Kuondoa gramu mbili kunachukua mwaka na zaidi, na himoglobini hupimwa kila mara kabla ya kutoa. Hijama, hata ikitoa mililita 30, imeondoa miligramu 12 hivi, na imeacha michanjo kwenye ngozi ya mtoto ambaye kinga yake haijarudi.