Shoti shifta ya Subaru: kabla hujanunua, ingia kwanza chini ya gari

Wiki iliyopita kijana mmoja kaniletea Impreza WRX ya 2002, ya gia tano, gari safi kabisa, akashuka na boksi mkononi. "Shikamoo fundi, naomba unifungie hii leo leo." Ndani ya boksi kulikuwa na shoti shifta, yaani liva ya gia yenye mwendo mfupi, kaagiza nje, fupi kuliko zote alizoziona, yenyewe inapunguza mwendo wa liva karibu nusu. Nikamuuliza, mdogo wangu, gari ina shida gani mpaka unataka kubadili liva? Akasema gia ya tatu inakwaruza akiiingiza haraka, na liva inacheza cheza hata ikiwa ndani ya gia.

Hapo ndo nikaona niandike, maana swali hili naulizwa kila siku na wenye gari za manyuo na wengi wanaanzia kwenye jibu kabla ya ugonjwa.

Kwenye Subaru liva haikai juu ya giaboksi moja kwa moja, iko nyuma kidogo, inafanya kazi kwa vyuma viwili virefu: kimoja kinasukuma gia, kingine kinashika kitako cha liva kiende sambamba na giaboksi, kwa sababu injini na giaboksi zinayumba kwenye mauntingi zake za mpira kila ukikanyaga mafuta. Kwenye maungio yote hayo kuna bushi, vile vipande vya mpira vinavyozuia chuma kucheza. Gari ya miaka ishirini na kitu bushi zile zishachoka, na mchezo mnaousikia mkononi mara nyingi unatoka hapo. Nilimwita yule kijana chini ya gari, nikashika bushi ya nyuma kwa vidole viwili, mpira ukamomonyoka kama mkate mkavu. Kisha nikachomoa stiki ya oili ya giaboksi (ndiyo, Subaru manyuo kama hii ina stiki yake tofauti na ya injini, wengine wanaimiliki gari miaka mitatu hawajawahi kuigusa), oili nyeusi, na iko chini ya alama ya mwisho.

Sasa ukifunga shoti shifta juu ya hali hiyo unapata liva fupi inayocheza, na gia ya tatu itakwaruza vilevile, tena zaidi. Kwa nini? Kinachokuruhusu kuingiza gia ni sinkro, ile pete inayosugua koni ya gia mpaka spidi zilingane ndipo meno yaingie. Sinkro inataka muda wake na oili nzuri. Liva fupi haiifanyi iende haraka hata kidogo, inafanya mkono wako ndo ufike haraka, basi. Oili weka GL-5 75W-90 (GL ni daraja la oili ya gia, 75W-90 ni uzito wake), kwa sababu giaboksi ya Subaru inakunywa oili moja na difu ya mbele na meno ya difu yanaitaka hiyo, ya gia tano inachukua lita 3.5 na ile ya STI, ndugu yake WRX mwenye nguvu zaidi, ya gia sita lita 4.1. Usiende kuiga mwenye Mazda MX-5 anayeweka GL-4, ile ni giaboksi nyingine kabisa, difu yake iko peke yake nyuma.

Haya, tuseme bushi mpya zipo na oili ipo, sasa unachagua shifta. Liva ni mzani tu. Chukulia juu ya mhimili kuna sentimita 20 na chini yake sentimita 4, maana yake chuma cha chini kikienda sentimita 1 mkono wako unakwenda 5. Ukirefusha ile ya chini ikawa 5, mkono unakwenda 4, umepunguza mwendo kwa asilimia 20. Lakini hakuna cha bure hapo, nguvu ya kusukuma inapanda kwa asilimia 25. Ukipunguza nusu, nguvu inakuwa mara mbili! Jioni kwenye foleni ya Ubungo, moja mbili moja mbili, bega litakwambia, na sinkro nayo inapokea ile nguvu yote unayolazimisha. Mimi nawafungia watu za kati, asilimia 20 mpaka 30, na napenda zile zinazokuruhusu kupandisha kichwa cha liva juu au chini, maana kuna mtu mrefu na mtu mfupi na mkono hautakiwi kuinama kutafuta gia.

Kitu kingine ambacho watu hawaangalii kabisa ni mwendo wa kushoto na kulia. Shifta nyingine zinabana na huo pia, njia za gia zinasogeleana, na hapo mimi huwa naogopa. Uko gia ya tatu, injini iko mizunguko 6,500 kwa dakika, unavuta kwenda ya nne, mkono ukaegemea kushoto kidogo tu ukaingia ya pili, ukiachia klachi matairi yanaizungusha injini kupita 9,000 wakati redi laini, mwisho wa mizunguko injini inayoruhusiwa, iko kama 7,000. Limita haikuokoi, yenyewe inakata mafuta tu, na hapa anayezungusha ni matairi. Valvu zinakutana na pistoni. Nimeshafungua injini ya namna hiyo, valvu zimepinda zote upande mmoja, mwenye gari kasimama pembeni kimya. Kwa hiyo chagua shifta ambayo mkono unaisikia njia, springi inarudisha liva katikati vizuri, na gia ikiingia unajua imeingia.

Bushi za chuma tupu mimi simfungii mtu anayetumia gari kila siku, mtetemo na mlio wa gia vyote vinakuja ndani. Za yurethini, ile plastiki ngumu kama mpira, zinatosha. Kichwa cha liva kizito kinasaidia kweli, uzito unasukuma gia iingie laini, ila kwa jua la Dar chuma kitupu ukikiacha parking saa saba mchana hukishiki, chukua chenye ngozi au plastiki ngumu. Uzi wa kufungia kichwa kwenye Subaru ni M12x1.25 (unene wa milimita 12, meno kila milimita 1.25), wa MX-5 ni M10x1.25, usinunue kwa macho. Na mwenye STI hakikisha shifta inakubali ile pete ya kunyanyua kwa ajili ya rivasi, la sivyo hutarudi nyuma.

Yule kijana tulibadili bushi na oili kwanza, akaendesha siku nne, kukwaruza kukaisha. Ile fupi akaiuza, akarudi na ya kati, tukashusha ekzosi na bamba la joto tukaifunga, na pini mpya ya kushikia maungio, ya zamani usiirudishe. Kabla ya kufunika konso, ile plastiki ya katikati inayozunguka liva, injini imezimwa, ingiza gia zote moja moja na uangalie liva inaishia wapi, hasa ya pili na ya nne zinazokuja nyuma, kwa sababu liva ikigonga plastiki kabla gia haijaingia yote itakuwa inachomoka ukiwa barabarani. Nafasi ikibaki ndogo kuliko unene wa kidole, kata ile plastiki kidogo ndo urudishe skurubu.