Embe Lililopigwa MRI Halijapigwa Mionzi

Juzi kwenye daladala ya Gongo la Mboto, kaka mmoja aliyepakata mfuko wa maembe dodo alikuwa akimweleza jirani yake kwamba Ulaya maembe "hupigwa mionzi ya MRI", ndiyo maana hayana ladha. Hiyo ni mara ya tatu naisikia.

MRI ni njia ya kuona ndani ya kitu bila kukipasua. Sumaku kali huvipanga viini vya haidrojeni vilivyomo kwenye maji, mawimbi ya redio huvitikisa, navyo vikitulia hutoa ishara ambayo kompyuta huigeuza picha. Tunda sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo mtafiti huona lilipopondeka na lilipooza ndani, hata kama ganda linang'aa. Kwenye parachichi hutenganisha mafuta na maji. Basi.

Sasa hilo neno mionzi. Mwonzi wa asili ni ule wa jua unaopenya penye ufa wa dirisha. Baadaye tukazipa jina hilo eksirei na gama, ambazo zina nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu. Mwanafizikia atanikumbusha kuwa hata redio ni mionzi ya sumakuumeme. Sawa, ila mawimbi ya redio hayana nguvu hiyo ya kung'oa, na mtu wa kwenye daladala anapotaja mionzi anawaza saratani. Kwa sumaku ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha ukali wa sumaku), mawimbi ya MRI ni megahezi 64 hivi. FM aliyokuwa ameifungulia dereva huanzia megahezi 88 hivi.

Hofu hiyo haikuanzia kwetu. Mbinu hii iliitwa NMR, N ikiwa ya nyuklia. Ilipoingia hospitalini herufi hiyo ikaachwa, maana wagonjwa wakisikia nyuklia walikuwa wanawaza bomu. Na nyuklia imetoka wapi? Kwenye Kilatini nucleus, kiini cha kokwa. Yaani Wazungu walikimbia kokwa! Sisi tuna neno lilelile, kiini, na hakuna aliyewahi kukiogopa cha yai.

Maembe ya mionzi yapo kweli. Ya India yanayoingia Marekani tangu 2007 hunururishwa, yaani hupigwa mionzi, ili wadudu waliomo wasizaliane. Huo ni mnururisho, na hautoi picha yoyote. Ladha nayo mara nyingi hupotea kwa kuchumwa mabichi ili yastahimili safari.

Nilipokuwa nashuka nikamwambia, "Kaka, mionzi ni ile ya gama. Hayo ya MRI yamepigwa picha tu, kwa sumaku na redio."