Megapikseli, f/1.8 na "tutarekebisha kwenye kuhariri": dhana potofu za anayeanza kamera

Anayeanza kujifunza kamera mara nyingi huja na elimu aliyoiokota njiani: ya muuzaji wa vifaa, ya rafiki aliyemtangulia miezi miwili, ya video fupi ya sekunde 30. Sehemu kubwa ya elimu hiyo haiko mbali na ukweli, na hapo ndipo shida ilipo, kwa sababu kosa linalokaribia ukweli halimshtui mtu mpaka kazi iharibike. Nyingi ya dhana hizi zina mzizi mmoja: imani kwamba kilichokosekana wakati wa kurekodi kitapatikana baadaye kwenye kompyuta.

Dhana: Megapikseli zikiwa nyingi, picha inakuwa nzuri

Megapikseli ni hesabu ya nukta tu. Fremu moja ya video ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, yaani takriban megapikseli 8.3. Ukurasa wa A4 uliochapishwa kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji kama 8.7. Kamera ya megapikseli 12 inazitosheleza kazi zote mbili na bado inabaki na akiba.

Kwenye mwanga hafifu kinachotenganisha kamera na kamera ni ukubwa wa kihisi, yaani sehemu ya ndani inayopokea mwanga. Kihisi cha fremu kamili kina milimita 36 kwa 24. Cha APS-C kina kama 23.5 kwa 15.6, chini ya nusu ya eneo hilo. Cha simu ni kidogo zaidi. Kwa f ileile (namba ya tundu la lenzi) na shata ileile (muda wa kupokea mwanga, mfano 1/50 ya sekunde), kihisi kikubwa hukusanya mwanga mwingi zaidi kwa jumla. Megapikseli nyingi zina faida yake ukitaka kukata picha na kubakiza sehemu ndogo. Zumu ya dijitali nayo ni kukata huko huko: ukivuta mara 2 unabaki na robo ya pikseli, megapikseli 12 zinakuwa 3. Kama miguu inaweza kusogea, sogea.

Dhana: Lenzi pana ndiyo inayokuza pua

Anayekuza pua ni mpiga picha aliyesogea mno. Chukua pua iliyotangulia masikio kwa sentimita 12. Ukisimama sentimita 40 kutoka puani, masikio yako mbali zaidi kwa asilimia 30, kwa hiyo pua inatawala uso. Ukisimama mita 2, tofauti ni asilimia 6 na uso unatulia. Lenzi pana inakulazimisha tu kusogea ili uso ujaze fremu. Kwa picha ya mtu, simama mita 1.5 hadi 2 kwanza, halafu ndipo uchague lenzi au zumu ya kujaza fremu.

Dhana: Ukiwa na f/1.8, itumie kila mahali

Wengi huanza kwa kuchanganya namba zenyewe, wakidhani f kubwa ni tundu kubwa. Ni kinyume, kwa sababu f ni mgawanyo: urefu wa fokasi gawanya kwa kipenyo cha tundu. Lenzi ya milimita 50 kwenye f/2 ina tundu la milimita 25. Kwenye f/8 ni milimita 6.25. Ngazi zake ni 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, na kila ukipanda ngazi moja mwanga unapungua nusu. Ngazi hiyo ndiyo mafundi wanayoiita stopu.

Akishaelewa hilo, mwanafunzi huganda kwenye f/1.8 kwa vile mandhari ya nyuma inayeyuka vizuri. Kwa mtu mmoja inapendeza. Kwa watu waliosimama safu mbili ni balaa: safu ya mbele inakata kama wembe, ya nyuma ina ukungu, na hakuna kitufe cha kuirudisha. Hapo nenda f/5.6 au f/8, weka fokasi kwenye macho ya safu ya mbele, na ikiwezekana isogeze safu ya nyuma ibanane na ya mbele.

Dhana: ISO ikipanda ndiyo inaleta chengachenga

Dhana hii ndiyo inayoharibu video nyingi za wanaoanza, kwa hiyo tuikalie kidogo. Chenga hutokana hasa na uhaba wa mwanga uliofika kwenye kihisi. ISO hukuza mawimbi yaliyokwisha kupokelewa, na chenga zilizokuwemo zinakuzwa pamoja nayo. Anayeogopa ISO huiacha chini, picha inatoka giza, kisha anaipandisha kwenye programu.

Jaribu mwenyewe. Weka kamera kwenye tripodi ndani ya chumba hafifu, f/4, shata 1/50. Rekodi sekunde 10 kwa ISO 3200, kisha 10 nyingine kwa ISO 400. Ya pili ipandishe stopu 3 kwenye programu ili zilingane, halafu kuza mpaka asilimia 200 na uangalie sehemu za kivuli. Video ya ISO 400 inaonyesha mabaka ya mrabamraba na rangi zilizochafuka, kwa sababu kamera ilipoibana video ilitupa maelezo ya gizani. Ya ISO 3200 ina chenga, lakini ni laini na zinavumilika.

Dawa ni mwanga. Taa ndogo iliyo mita 2 kutoka usoni ukiisogeza mpaka mita 1, mwanga unaofika unaongezeka mara 4. Hizo ni stopu 2: ISO 3200 inashuka hadi 800 bila kununua kitu.

Dhana: Fundi hutumia M (kupanga kila kitu kwa mkono) peke yake

Mita ya kamera, yaani kipima mwanga chake, hudhani kila inachokiona kina wastani wa kijivu cha kati. Ukuta mweupe unatoka wa kijivu, suti nyeusi inatoka imepauka. Mtu akisimama mbele ya dirisha, mita inaliona dirisha na uso unazama gizani, na mwenye ngozi nyeusi huumia zaidi. Sasa mwanafunzi aliye kwenye M, akizungusha gurudumu mpaka mshale wa mita usimame sifuri, amefanya kosa lilelile la otomatiki, ila polepole zaidi.

Tumia A (Av kwa kamera nyingine), ambapo unachagua tundu, unapojali kina cha fokasi, na S (au Tv), ambapo unachagua shata, unapojali mwendo, kisha sahihisha kwa kitufe cha +/−: kama +1 kwa kitu cheupe, −1 kwa cheusi. M inafaa pale mwanga usipobadilika na unataka fremu zote zifanane, na kwenye video karibu kila wakati. Kwa yule wa dirishani, mgeuze alitazame dirisha. Ni sekunde 5.

Dhana: Ukipiga RAW, kila kitu kinaokoka

JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. RAW, yaani faili ghafi la kihisi, ya biti 12 ina 4096, ya biti 14 ina 16384. Ndiyo maana RAW inakuruhusu kuinua vivuli na kubadilisha mizani ya rangi nyeupe bila picha kuchanika. Haiwezi kuokoa mambo matatu: anga lililoungua kabisa, fokasi iliyokosewa, na picha iliyotikisika. Kihisi kikishajaa, tofauti zote za juu zinakuwa weupe mmoja. Angalia histogramu (grafu ya mwanga wa picha), ikiwa imegandamana ukutani upande wa kulia, punguza mwanga upige tena.

Dhana: Shata ya picha ndiyo shata ya video

Kwenye picha, 1/1000 inamgandisha mchezaji na kila mtu anafurahi. Kwenye video, 1/1000 inafanya mikono irukeruke kwa vipande, kwa sababu jicho limezoea ukungu kidogo wa mwendo kati ya fremu. Kanuni ya kawaida ni shata iwe mara 2 ya idadi ya fremu: fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50, fremu 30, shata 1/60.

Kuna na jambo la umeme. Kwenye umeme wa 50 Hz taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kwenye 60 Hz, mara 120. Shata isiyoendana nazo huleta michirizi ya kiza inayopanda au kushuka polepole kwenye fremu, na kwenye kiskrini kidogo cha kamera huioni. Kwa 50 Hz tumia 1/50 au 1/100. Kwa 60 Hz, 1/60 au 1/120.

Nje juani kanuni hiyo inakuletea tatizo lingine. Jua kali, ISO 100, mwanga sahihi ni karibu f/16 kwa 1/100. Ukitaka 1/50 na f/2.8 umezidisha stopu 6, video inaungua. Hapo ndipo kioo cheusi cha ND kinapohitajika. ND64 inapunguza stopu 6 kamili. Kama huna, funga tundu mpaka f/16 na umpeleke mtu kivulini.

Dhana: Mwendo wa polepole hutengenezwa kwenye programu

Video ya fremu 25 ukiipunguza kasi nusu, programu itarudia kila fremu mara mbili au itabuni fremu za katikati, na fremu za kubuni huvunjika vidole vinapopita mbele ya uso. Rekodi fremu 50 kwa nusu kasi, 100 kwa robo. Shata nayo inapanda (1/100, 1/200), kwa hiyo unahitaji mwanga zaidi.

Dhana: Sauti itasafishwa baadaye

Mtazamaji huvumilia picha yenye chenga. Sauti yenye mwangwi inamfukuza. Maiki ya kamera iliyo mita 3 kutoka kwa msemaji inarekodi chumba kizima, na msemaji akiwemo kwa bahati. Programu za kuondoa kelele hukata pamoja na sehemu ya sauti yenyewe, ndipo mtu anasikika kama yuko ndani ya debe.

Bana maiki ndogo kwenye nguo, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, mbali na mkufu na kola inayosugua. Mwambie aseme sentensi mbili kwa nguvu atakayotumia kweli (watu hujaribu kwa unyonge, kisha wanapaza sauti kamera ikianza), na panga vilele vya sauti viguse kati ya −12 na −6 dB. Vikigonga 0 sauti inakatwa kichwa, na hairudi. Vaa hedifoni muda wote. Mwisho, rekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba hichohicho; kwenye kuhariri ndizo zitakazoziba mapengo unapokata "eee" na vikohozi.

Dhana: Faili la mradi lina video zote ndani

Mwanafunzi anahariri siku mbili, ananakili faili la mradi kwenye flashi, analifungua kwenye kompyuta nyingine na anakuta taimulaini nyekundu inayosema video hazipo. Faili hilo mara nyingi ni megabaiti chache tu. Linabeba anwani za video na orodha ya maamuzi yako. Video zenyewe zimebaki zilikokuwa. Ukihamisha folda au kubadilisha jina la faili, anwani inakufa.

Kabla ya kufungua programu, tengeneza folda moja ya kazi, ndani yake 01_Video, 02_Sauti, 03_Picha, 04_Mradi, 05_Toleo. Nakili kadi nzima humo, pamoja na folda zake, kisha nakala ya pili kwenye diski nyingine. Usihariri moja kwa moja kutoka kwenye kadi. Usiifute kadi kabla ya kufungua video kadhaa kutoka nakala ya pili na kuona zinacheza.

Nafasi ipigie hesabu mapema. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde inaandika megabaiti 12.5, kwa kuwa baiti 1 ni biti 8. Hizo ni megabaiti 750 kwa dakika na gigabaiti 45 kwa saa. Nakala mbili ni 90. Kadi yenye alama ya V30 inahakikisha angalau megabaiti 30 kwa sekunde bila kushuka, basi inatosha.

Dhana: Video ikikwamakwama, kompyuta ni mbovu

Huenda ni kodeki, yaani njia iliyotumika kuibana video. H.264 na H.265 kwa kawaida huhifadhi fremu chache nzima, na zilizobaki huandika mabadiliko tu. Ukisimamisha kishale katikati, programu inalazimika kurudi kwenye fremu nzima na kujenga upya mpaka hapo. Ziambie programu za kuhariri kama DaVinci Resolve, Kdenlive au Shotcut zitengeneze proksi, yaani nakala nyepesi za kuhariria; wakati wa kutoa, programu inarudi kwenye video halisi.

Video za simu zina tabia yake: nyingi hubadilisha idadi ya fremu zenyewe kadiri mwanga unavyobadilika, na baada ya dakika kadhaa midomo na sauti vinaweza kupishana. Zipitishe kwanza kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha faili za video, uchague fremu zisizobadilika.

Dhana: Mbwembwe kati ya vipande ndiyo uhariri

Mkato mnyoofu unatosha sehemu nyingi. Unapogoma kukaa, iache sauti ya kipande kinachofuata itangulie picha yake kwa fremu 10 hadi 12. Sikio likishavuka, jicho linafuata bila kushtuka.

Dhana: Programu ikifika asilimia 100, kazi imekwisha

Kutoa video ya 1080 kama 4K hakuongezi maelezo ambayo kamera haikuyaona. Faili likitoka, litazame lote kuanzia mwanzo, nje ya programu, mara moja kwa hedifoni na mara moja kwa spika ya simu. Fremu moja nyeusi iliyosahaulika kati ya vipande viwili huonekana hapo, na muziki unaomfunika msemaji nao unajulikana hapo.